Uongozi wa Shule ni Kazi ya Kujifunza

Katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, kijana atakaye kuwa fundi wa magari hawi fundi kwa siku moja. Hukaa kwanza chini ya fundi mkubwa, akimshikia spana, akiosha vyuma, akitazama na kuuliza. Hupita miezi mingi kabla ya kupewa injini ya mtu aifungue peke yake. Hapana mwenye gari atakayekubali gari lake lishikwe na mtu ambaye hajajifunza. Lakini shule yenye watoto mia sita mara nyingi hukabidhiwa mwalimu aliyepewa barua leo na funguo kesho. Jana alikuwa mwalimu mwema wa hesabu au wa jiografia. Leo ni mkuu wa shule, na hapana aliyemfundisha kazi hiyo.

Ndugu wasomaji, jambo ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi ni hili: kuongoza shule ni kazi yenye ufundi wake, na ufundi huo hufundishwa. Tena kazi hiyo haimalizwi na mtu mmoja. Mahali ambapo mkuu amefundishwa, na amewafundisha wengine kushika sehemu zao, shule husimama hata kama ni maskini. Mahali ambapo sivyo, shule hulegea hata kama imejengwa kwa matofali mazuri.

Huenda mtu akauliza, mwanafunzi wa misheni ana nini na shule za serikali? Nina mambo mawili ya kumjibu. Kwanza, shule yetu hapa Kinanira ni ya misheni, lakini walimu wetu hulipwa na serikali kwa mapatano yaliyo kati ya serikali na madhehebu, nasi twafanya mitihani ile ile ya taifa. Pili, wengi wetu tuna ndugu katika shule za serikali. Mdogo wangu wa kike yuko darasa la tisa katika shule moja ya namna hiyo, na mwaka huu atafanya mtihani ule tuuitao konkuru. Kwa hiyo mambo ya shule hizo ni mambo ya nyumbani kwetu.

KAZI YA MKUU WA SHULE

Hapa kwetu mkuu wa shule twamwita direkteri. Katika shule kubwa ya sekondari ana wasaidizi: prefe wa masomo, apangaye vipindi na kuangalia mafundisho, prefe wa nidhamu, aangaliaye mwenendo wa wanafunzi, na ekonome, ashikaye fedha na chakula cha bweni. Iko kamati ya wazazi, na katika kila darasa yuko delege, yaani kiranja.

Mtu anayetazama kwa mbali hudhani kazi ya direkteri ni kutia sahihi, kupiga mihuri, na kuwaita wazazi wa watoto watundu. Hayo yamo, lakini si moyo wa kazi. Shirika la UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka 2024 juu ya elimu duniani, lilishughulika na uongozi peke yake, likataja mambo manne yapasayo kufanywa na kiongozi wa shule. Nitayaeleza kwa maneno yetu.

La kwanza ni kuweka lengo. Kila mtu shuleni, tangu mwalimu wa zamani hata mlinzi wa lango, ajue shule inakwenda wapi mwaka huu. La pili ni kukaza macho kwenye masomo. Mkuu aingie madarasani, asikilize mafundisho, atazame madaftari, ajue ni somo gani linaloanguka na kwa sababu gani. La tatu ni kushirikiana, yaani walimu wafanye kazi pamoja, na wazazi wasiitwe siku ya michango tu. La nne ni kuwakuza watu. Mkuu mwema huacha nyuma yake watu wanaoweza kazi kuliko alivyowakuta.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood, mtaalamu wa Kanada, na wenzake walikusanya uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa, wakaona kwamba katika mambo yote ya shuleni yanayomsaidia mwanafunzi kujifunza, la kwanza ni mafundisho ya darasani, na la pili ni uongozi. Nasi twaweza kuona sababu yake bila kwenda mbali. Mwalimu mmoja mwema husaidia madarasa yake. Mkuu mwema huwasaidia walimu wote, na kupitia kwao madarasa yote.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme shule huanza masomo dakika 15 baada ya saa iliyowekwa, kwa sababu walimu huchelewa na hapana anayeangalia. Dakika 15 ni kitu kidogo, mtu hunywa chai ya maziwa zikaisha. Lakini kwa siku 5 za wiki ni dakika 75. Kwa wiki 36 za masomo ni dakika 2,700, nazo ni saa 45. Kama siku moja ya shule ina saa 6 za masomo, basi mwanafunzi amepoteza siku 7 na nusu katika mwaka, yaani wiki moja na nusu nzima, naye alikuwa ameketi darasani siku zote! Mkuu anayesimama langoni asubuhi na kuwaamkia walimu wake kwa majina huirudisha wiki hiyo na nusu bila kutoa hata faranga moja.

SHULE ZILIONGEZEKA KULIKO VIONGOZI

Upungufu huu haukuletwa na uvivu wa watu. Ulikuja pamoja na jambo jema.

Mwaka 2005 serikali ya Burundi iliondoa ada katika shule za msingi. Watoto waliokuwa wakilisha mbuzi na kutunza wadogo zao walimiminika shuleni. Miaka iliyofuata raia walijenga madarasa kwa mikono yao, katika kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, na komini nyingi zikapata sekondari zao. Halafu ikaja sheria ya Septemba 2013, ikaigeuza shule ya msingi kuwa ya miaka 9 badala ya 6. Darasa la 7, la 8 na la 9, ambayo zamani yalikuwa ya sekondari, yakatiwa katika shule ya msingi. Mwanafunzi akimaliza darasa la 9 hufanya konkuru, na akifaulu huingia katika madarasa ya juu.

Tazameni basi mzigo uliomwangukia direkteri wa shule ya msingi. Alizoea watoto wadogo wanaojifunza kusoma. Sasa analetewa vijana wa miaka 15 na zaidi, pamoja na walimu wa fizikia na kemia, na vitabu vya masomo ambayo yeye mwenyewe hakuyasoma kwa namna hiyo. Shule ilibadilika chini ya miguu yake.

Wenzetu wa Tanzania walipita njia hiyo hiyo. Katika mpango wao wa kuendeleza sekondari, ulioanza mwaka 2004, wananchi walijenga shule za kata kila mahali. Sekondari zilizokuwa kama 1,300 mwaka 2004 zilipita 4,000 mwaka 2009. Kila shule mpya ilitaka mkuu wake. Kuta zaweza kusimamishwa katika miezi michache kama watu wamekubaliana. Lakini kiongozi hajengwi kwa Jumamosi kadhaa.

SHULE MOJA, WAKUU WAWILI

Nitatoa mfano nilioufahamu kwa karibu. Jina la shule nitaliacha, na majina ya watu pia, maana sina nia ya kumwaibisha mtu.

Ni ile shule ya serikali anayosoma mdogo wangu. Direkteri wake wa kwanza alikuwa mwalimu hodari wa Kirundi; waliosoma kwake husema hivyo hata leo. Lakini alipopewa shule aliishika kama mtu anavyoshika mkoba wake mwenyewe sokoni. Ufunguo wa ghala la vitabu ulikuwa mmoja, nao ulikaa mfukoni mwake. Akiitwa mkutanoni, ufunguo ulikwenda mkutanoni. Mdogo wangu alikuwa akirudi nyumbani na kusema, "Vitabu viko, lakini direkteri hayuko." Mwalimu wa hesabu wa darasa la tisa alipoacha kazi katikati ya muhula, direkteri aliandika barua kuomba mwingine, kisha akangoja. Watoto nao waliketi wakingoja. Majuma saba yalipita hivyo.

Mwaka uliofuata akaja direkteri mwingine, mama mmoja wa makamo. Walimu walikuwa wale wale, na paa lilivuja pale pale. Juma la kwanza aliwaita walimu wawili na wanafunzi wawili, wakahesabu vitabu vyote na kuviandika katika daftari, kila kitabu na namba yake. Akachonga ufunguo wa pili, akampa mwalimu mmoja dhamana ya ghala. Akabandika saa za vipindi ukutani mwa ofisi, upande wa nje, ili mzazi yeyote apitaye ajue saa hii nani anapaswa kuwa darasani.

Kisha akageukia hesabu. Barua ya kuomba mwalimu aliiandika yeye pia, lakini hakungoja na mikono kifuani. Alikaa na walimu wake, akawauliza nani aweza nini. Mwalimu wa fizikia akakubali kuchukua vipindi viwili kwa juma. Yeye mwenyewe akachukua viwili. Halafu akaja kwa mkuu wa shule yetu kuomba msaada, na sasa sisi wanafunzi sita wa darasa la mwisho huenda huko Jumamosi alasiri kusahihisha mazoezi na watoto wa darasa la tisa. Mara ya kwanza tulikuta madaftari ambayo nusu ya kurasa zake ilikuwa nyeupe. Siku hizi watoto wenyewe hutungoja mlangoni na maswali yao.

Mwalimu wa hesabu hajapatikana bado. Konkuru haijafika, nami sitatabiri matokeo yake. Lakini naona tofauti kati ya shule inayongoja na shule inayotafuta njia, na tofauti hiyo haikununuliwa kwa fedha. Yule direkteri wa kwanza hakuwa mtu mbaya. Aliogopa vitabu visiibwe, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuvilinda na huku vikisomwa. Huyu wa pili alikuwa amefanya kazi miaka minne chini ya mkuu mwenye ujuzi, akiwa prefe wa masomo. Alijifunza kama kijana wa Buyenzi, kwa kushika spana.

MAJIRANI ZETU

Yafaa sasa tutazame majirani zetu wamefanya nini, kwa kuwa tangu mwaka 2007 sisi tumo pamoja nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tanzania wana chuo huko Bagamoyo, mji wa pwani, kwa ajili ya kazi hii hasa. Chaitwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, na kwa ufupi ADEM. Ulianzishwa mwaka 2001 mahali pa chuo cha zamani kilichoitwa MANTEP. Walimu wakuu, wakuu wa shule na maofisa wa elimu huenda kusoma mambo ya uongozi na utawala wa shule, na wako wanaotoka na stashahada ya kazi hiyo. Baadaye wakala huo ulifungua matawi Mwanza na Mbeya, ili walimu wa mbali wasilazimike kusafiri mpaka pwani.

Kenya nao walianzisha chuo cha namna hiyo mwaka 1981. Siku hizi chaitwa KEMI, na walimu wanaotazamia kuwa wakuu wa shule husoma huko.

Wengine watasema, "Nchi yetu ni maskini, tutajenga chuo kwa nini?" Chuo ni kitu kizuri, na siku moja twaomba tuwe nacho kilicho imara. Lakini yako mambo matatu yasiyongoja jengo.

1. Mwalimu aliyechaguliwa kuwa mkuu akae kwanza muhula mmoja karibu na mkuu mwenye ujuzi, katika shule nyingine. Ahudhurie mikutano, ahesabu ghala, atazame jinsi bajeti inavyofanywa na jinsi mzazi mwenye hasira anavyopokelewa.

2. Wakuu wa shule za sehemu moja wakutane mara moja kwa mwezi, kila mara katika shule mpya. Shida ya mmoja mara nyingi imekwisha kutatuliwa na jirani yake aliye mwendo wa nusu saa. Shule yenye walimu wawili wa kemia yaweza kumwazima mmoja siku mbili kwa juma.

3. Mkuu anapohama asiondoke na shule kichwani mwake. Aache madaftari matatu yaliyo sawa: daftari la mahudhurio ya walimu na wanafunzi, daftari la vitabu na vyombo, na daftari la fedha. Anayekuja ayasome mbele ya kamati ya wazazi, kisha watie sahihi wote. Wakuu wengi wapya hutumia mwaka mzima kutafuta mambo ambayo daftari moja lingewaambia kwa asubuhi moja.

VIONGOZI WADOGO

Wanafunzi wenzangu, mpaka hapa huenda mmesema, "Hayo ni ya wakubwa." Sivyo. Kila direkteri wa kesho ameketi leo kwenye dawati fulani, na huko ndiko anakojifunza kwanza maana ya kuongoza.

Zamani za Wabelgiji uongozi ulifundishwa wachache. Mwaka 1929 ilianzishwa shule kubwa ya Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare katika Rwanda, chini ya mabruda kutoka Ubelgiji. Ilikusudiwa hasa kuwatayarisha watoto wa machifu wa Ruanda na Urundi wawe wasaidizi wa serikali ya kikoloni. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyetuongoza kuelekea uhuru na kuuawa tarehe 13 Oktoba 1961, alisoma huko. Shule ile ilitoa watu wenye elimu kubwa. Lakini ilipanda pia wazo kwamba wako waliozaliwa kuongoza na wako waliozaliwa kuongozwa. Wazo hilo halijatutoka lote. Shule nyingi bado kiranja huteuliwa ofisini, hupewa uwezo wa kuwaandika wenzake, naye huanza kutembea kama polisi mdogo.

Kenya waliona mwisho mbaya wa njia hiyo. Mwezi wa Mei 1999, katika sekondari ya wavulana ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto usiku katika vyumba vyao na wanafunzi wenzao, wakafa. Hapana neno liwezalo kuwatetea waliofanya hivyo. Lakini watu wenye busara waliuliza pia, chuki kama ile ilitoka wapi? Mojawapo ya majibu ni kwamba kiranja alionekana kuwa mtu wa ofisi, ambaye wenzake hawakumchagua na hawakuweza kumwuliza neno. Mwaka 2009 kukaundwa huko baraza la wanafunzi wa sekondari za nchi nzima, na shule nyingi zikaanza kuwaachia wanafunzi wachague viongozi wao kwa kura.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyepata kufundisha sekondari ya Pugu kabla ya kuingia siasa, aliligusa jambo hili katika maandishi yake ya Machi 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alieleza kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule yao, wala wasiwe watu wa kupokea amri tu, kwa kuwa mtu hujifunza kujitawala kwa kujitawala.

Katika shule yetu kila darasa huchagua delege wawili kwa kura ya siri, nao hukutana kila Ijumaa pamoja na prefe wa nidhamu. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, maji yalikatika mabwenini siku nyingi. Palikuwa na ugomvi kwenye tangi, wenye nguvu wakichota na wadogo wakibaki na ndoo tupu. Baraza lilipanga zamu: madarasa ya chini yachote kwanza, ndoo moja kwa wawili, na delege wachote mwisho wa wote. Neno hili la mwisho ndilo lililomaliza ugomvi. Mtu akimwona kiongozi wake akisimama nyuma ya mstari na ndoo yake, hana tena la kusema.

Najua wazee watanikumbusha methali isemayo, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Ni kweli kabisa. Nami sisemi shule iwe na manahodha kumi. Lakini ulizeni wavuvi wa Rumonge jinsi wanavyokwenda usiku katika Ziwa Tanganyika. Nahodha ni mmoja. Yuko ashikaye taa, wako washikao wavu, yuko akombaye maji. Kila mmoja ajua kazi yake bila kupigiwa kelele, na nahodha akishikwa na homa chombo hakizami. Direkteri abaki nahodha, na wengine tufundishwe kazi za chombo.

MAMBO HAYA YANA UZITO

Mtu aweza kuona kwamba funguo, madaftari na zamu za maji ni mambo madogo. Sisi Warundi tuna sababu ya kujua kwamba si madogo.

Buta ni seminari ndogo, yaani shule ya sekondari ya Kanisa, katika nchi ya Bururi, kusini. Rais Melchior Ndadaye alipouawa mwezi wa Oktoba 1993, nchi iliingia vitani, na watu waliosoma dawati moja wakaanza kuogopana. Viongozi wa Buta, wakiongozwa na Padri Zacharie Bukuru, hawakunyamaza wakitumaini kwamba hofu hiyo itakwisha yenyewe. Waliwafundisha wanafunzi kusema wazi yaliyokuwa yakiwatenga, na kuishi pamoja kama ndugu. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, watu wenye silaha waliingia bwenini, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi walikataa. Vijana 40 waliuawa.

Buta haikuwa shule ya serikali, lakini funzo lake ni la shule zote. Neno ambalo vijana wale walilisema usiku ule hawakujifunza usiku ule. Lilikuwa limejengwa siku kwa siku, mezani, uwanjani na katika mazungumzo ya jioni, na watu waliokuwa wakiongoza shule hiyo. Umri wao ulikuwa kama wetu. Mtu asituambie basi kwamba uongozi wa shule ni kazi ya makaratasi.

YATUPASAYO

Wengi wa wanaosoma gazeti hili watakuwa walimu. Baadhi yenu mtapelekwa katika sekondari za komini, juu milimani, mbali na taa za mji. Siku moja mtapewa barua, na kesho yake funguo. Msingoje siku hiyo ili mjifunze. Ukiwa delege, jifunze kuendesha mkutano mfupi ulio na mwisho. Ukishika maktaba ya darasa, jifunze kuandika kila kitabu kinachotoka na kinachorudi. Ukishika fedha za timu ya mpira, onyesha hesabu kabla hujaulizwa. Ukikosana na mwenzako, jifunze kumsikiliza mpaka amalize.

Nao wazazi na wakubwa wetu twawaomba jambo moja. Wanapomchagua mwalimu awe mkuu wa shule, wamtazamie kama mwanafunzi wa kazi mpya, wampe wa kumfundisha na wa kumsaidia. Asiachwe peke yake na mhuri wake.

Wahenga walisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Jumamosi hii, saa nane mchana, sisi sita tutakuwa tena katika shule ile tukifanya milinganyo na watoto wa darasa la tisa. Kuna wanafunzi 48 katika darasa la mdogo wangu, na sisi hatutoshi. Anayeweza hesabu na apendaye kuja, na ampe jina lake delege wa darasa lake kabla ya Ijumaa.